Nani Alijenga Mnara

Mlango wa chumba cha pacha uligoma kufungwa mvua zilipoanza. Kwanza Mama Pacha aliwalaumu wanawe kwamba wanabembea juu yake. Kisha akamlaumu mumewe, ambaye alikuwa ameshaupiga randa kwa chini na bado ukawa unakwaruza sakafu. Siku aliyosogeza kitanda cha wasichana ili afagie, ndipo alipouona ukuta. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha, ukateremka mshazari hadi sakafuni, na kule chini ulikuwa umeachama kiasi cha kumeza vidole viwili. Alipoviingiza, vilipigwa na upepo wa nje.

"Baba Pacha," aliita, wala hakupaza sauti. "Njoo uone nyumba yako."

Nyumba yenyewe haikuwa imetimiza mwaka. Waliinunua ingali ramani, kwa kampuni iliyokuwa ikijenga nyumba za safu zilizofanana kama mayai, na mkopo wake ulikatwa kwenye mshahara wa Baba Pacha, dereva wa gari la wagonjwa, kabla mshahara haujamfikia mkononi. Aliyewashawishi wanunue pale ni kaka wa Mama Pacha, ndugu yake pekee wa tumbo moja. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa kampuni hiyo hiyo. Vibarua walimwita Nyapara, na jina likamganda mpaka nyumbani kwake.

Kampuni ilipopigiwa simu ilimtuma meneja. Nyapara alikuja nyuma yake, ameshika tepu ya kupimia. Meneja alikuwa mtu mpole. Alivua viatu mlangoni, akamwita Mama Pacha "dada", akauchungulia ufa kwa tochi ya simu. Kisha akatoka nje kuizunguka nyumba. Kwenye kona ya chumba cha pacha akasimama, mbele ya mnara wa matofali uliobeba tenki la maji.

"Na huu je?" aliuliza. "Huu haumo kwenye ramani yetu."

Mama Pacha alimtazama kaka yake. Nyapara alikuwa akiivuta tepu na kuiachia irudi, anaivuta na kuiachia.

"Maji yanakatika sana huku," Mama Pacha alijibu.

"Naelewa, dada. Nauliza nani ameujenga."

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Wa mtaani tu."

Meneja akaupiga picha mnara upande huu na upande ule, akashukuru, akavaa viatu vyake. Wakati wa kuagana Nyapara alimpa dada yake mkono kama wanavyopeana watu waliokutana msibani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto wao.

Walipoondoka, Baba Pacha alibaki ameegemea mnara, mikono kifuani. "Fundi wa mtaani," alisema. "Kumbe shemeji yangu siku hizi ni wa mtaani."

"Ulitaka nimwambieje bosi wake, kaka akiwa amesimama pale pale?"

Mnara ule aliujenga Nyapara mwenyewe siku za Jumapili, yeye na vibarua wawili wa kampuni, kwa matofali na saruji vilivyoletwa na gari la kampuni. Alikataa hata nauli. Alikula, akanywa maji, akawaonyesha wapwa zake namna ya kupima kama tofali limelala sawa, akaondoka akiwa amejaa vumbi na furaha. Siku ile wote walimsifu.

*

Jibu la kampuni lilikuwa fupi. Mkataba ulisema kwamba mnunuzi akiongeza ujenzi wowote bila kibali cha maandishi, dhamana ya nyumba imekufa. Mnara ulikuwa ujenzi. Kibali hakikuwapo. Kampuni iliwatakia kila la heri.

Baba Pacha aliisoma barua kwa sauti mbele ya mkewe, kisha akaikunja. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Hawakusema ukinunua ukuta unapewa na ufa wa nyongeza."

Wasichana walihamia sebuleni, wakalala kwenye godoro kati ya cherehani na marobota ya vitambaa, maana Mama Pacha alikuwa fundi wa mapazia na sebule ndiyo ilikuwa karakana yake. Wateja waliokuja kupima walianza kuuliza maswali. Mmoja alitaka kuuona ufa, akaingia hadi chumbani na mwenziwe, wakasimama pale wakitikisa vichwa kama watu wanaotazama maiti. Mwingine alirudi kesho yake kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa.

"Si kwamba sikuamini, Mama Pacha," alisema huku akikikunja. "Ila ni cha ukumbini. Ukuta ukianguka juu yake nitawaambia nini wenye sherehe?"

"Ukuta hauanguki leo."

"Najua. Ila na kesho ni siku."

Shuleni pacha walipewa jina la Wana wa Ufa. Walilileta nyumbani wakicheka, na Mama Pacha akacheka nao, halafu akaingia bafuni, akafungua bomba na kuliacha lichuruzike mpaka alipokuwa tayari kutoka.

Ndipo wakamtafuta wakili. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua yasiyopona, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la miwani. Aliusoma mkataba wote huku akipenga kamasi, akawaambia kwamba mahakamani hawaendi. Walipotia saini walikubali kuwa ugomvi wowote utaamuliwa na mwamuzi wa faragha, pande mbili zikae mezani naye amalize. Akaleta mhandisi. Mhandisi akachimba pale konani, akaingia shimoni mpaka mabegani, akatoka na habari kwamba chini ya chumba cha pacha palikuwa na shimo la zamani lililofukiwa kwa udongo wa kujazia, na msingi ulikuwa umelazwa juu ya udongo huo kama mtu aliyelala ukingoni mwa kitanda. Mnara haukuwa na kosa. Hata usingekuwapo, nyumba ingeinama.

"Basi tumeshinda," alisema Baba Pacha.

"Bado," wakili alimjibu. "Wao watamleta mhandisi wao aseme ni mnara. Na hata akishindwa, watarudi kwenye kibali. Huyo fundi wa mtaani mnaweza kumpata?"

Mama Pacha aliangalia miwani ya mfano iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha. "Alihama," alisema.

Mumewe alimgeukia.

*

Walipoitwa tena pale juu ya duka la miwani, kampuni ilikuwa imewasilisha utetezi wake. Wakili aliwasomea ukurasa mmoja tu. Ulikuwa maelezo ya msimamizi wa mafundi. Alisema kwamba nyumba ilikabidhiwa ikiwa salama, kwamba baadaye aliona mnara umejengwa na mtu asiyemfahamu, na kwamba kwa uzoefu wake mnara ule ndio ulioukandamiza msingi.

Baba Pacha alipangusa paji la uso kwa kiganja.

"Unamficha mtu anayekuchimbia kaburi," alimwambia mkewe. Hakuwa amekasirika, alisema kama anayesoma kibao cha barabarani.

Wakili aliweka karatasi chini. "Kuna nini?"

Mama Pacha akamweleza. Alieleza kuanzia Jumapili ya kwanza, vibarua, gari la kampuni, mifuko ya saruji yenye nembo, hakuacha kitu. Wakili aliacha kupenga. Mama Pacha alipomaliza, wakili alisema polepole, kama anayebeba yai.

"Mama Pacha, ungeniambia mapema. Ila sikiliza. Kama msimamizi wao mwenyewe ndiye aliyejenga, na wafanyakazi wao, kwa saruji yao, kampuni haiwezi kusema haikujua. Kibali kinakuwa si hoja tena. Kesi yao inabaki na mguu mmoja."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako atafukuzwa. Saruji nayo wanaweza kuiita wizi. Siwezi kukudanganya." Alichukua kitambaa chake. "Mimi nikikuuliza swali hilo barazani, mbele ya mwamuzi, utalazimika kulijibu. Kwa hiyo sitakuuliza mpaka uniruhusu. Nenda ukafikiri."

Hakwenda kufikiri. Alikwenda kwa kaka yake.

*

Nyapara alikaa upande wa pili wa mji, nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu, yeye na mkewe na watoto wanne na mama yao mzazi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, miguu ameinyoosha, anachambua mchele. Alimpokea binti yake kama kawaida, akaulizia wajukuu, akamwambia amekonda. Ilionekana anajua kila kitu.

Nyapara alitoka chumbani akiwa bado na fulana ya kazini. "Karibu, mdogo wangu."

"Nimeshakaribia." Mama Pacha hakuketi. "Kaka, mimi sifahamiki kwako? Umeandika mtu usiyemfahamu."

"Sikuandika mimi. Waliandika wao, wakaniwekea mbele nisaini."

"Na ukasaini."

"Kalamu wameshika wao, mlango wameshika wao, wewe ungefanyaje?" Alijishusha kwenye kiti. "Unafikiri nilikuwa sijui lile shimo? Nililisema. Nikaambiwa jaza, shindilia, endelea. Nikashindilia kadiri nilivyoweza. Nilidhani litashika."

"Ulijua tunalala juu yake."

"Nilidhani litashika," alirudia.

Mkewe, wifi yake Mama Pacha, alipita na beseni la nguo, akasalimia bila kusimama. Watoto walikuwa wamezima redio ili wasikie vizuri.

"Saruji ile uliniambia ni mabaki," Mama Pacha alisema.

"Ilikuwa mabaki. Ila pale kazini kila kitu kinapata mwenyewe siku wanayotaka kukufukuza." Alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Nakwambia mapema ili usije ukashangaa. Ukinitaja, nitakana. Hapa ndani wanakula watu saba kwa mikono hii. Mama akiwa mmoja wao."

Mama Pacha alimgeukia mama yao. Hakuwa amepanga kumwingiza, lakini maneno yalimtoka. "Mama, unasikia?"

Mama aliendelea kuokota vijiwe kwenye ungo. "Nasikia," alisema. "Nina macho mawili, nanyi mmekuja kuniuliza nitoboe lipi. Mimi sitoboi. Kila mmoja wenu nilimfundisha kusema." Akapuliza makapi. "Kaa ule, usije ukaondoka na njaa nyumbani kwa kaka yako."

Alikaa, akala. Hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Wakati wa kuondoka Nyapara alimsindikiza mpaka barabarani, wakasimama bega kwa bega wakisubiri gari, kila mtu akitazama upande wake.

Nyumbani, Baba Pacha alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amerudi kutoka zamu, viatu bado miguuni. "Mimi sitakwambia useme," alisema, "na sitakwambia unyamaze. Ndugu ni wako. Lakini wale watoto wamelala chini, na ile nyumba tutailipia mpaka wao wawe na watoto. Hilo tu ndilo nililo nalo."

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa kukodi, meza ndefu moja, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo kona ya chumba. Mwamuzi alikuwa mzee aliyestaafu ujaji, mwenye tabia ya kufunga macho watu wakizungumza, mpaka mtu anadhani amelala. Upande wa kampuni alikuwapo wakili wao, meneja mpole, mhandisi, na Nyapara katika shati jeupe lenye mikunjo ya dukani.

Mama Pacha hakuwa amempa wakili wake ruhusa. Asubuhi alipoulizwa kwa macho, alitikisa kichwa. Wakili akaitikia, akamwongoza kwenye maswali mengine: lini walihamia, lini waliona ufa, nani walimwita. Alijibu vizuri. Alianza hata kufikiri kwamba huenda mhandisi wao atatosha.

Kisha wakili wa kampuni akasimama. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mama, wewe ni fundi cherehani, siyo?"

"Fundi mapazia."

"Vizuri. Mteja akikuletea kitambaa, ukamshonea, akafika nyumbani akakikata kwa mkasi wake, kisha akarudi kudai pazia limechanika, utamrudishia pesa?"

Meneja alitabasamu. Mama Pacha alimtazama wakili wake.

"Tuseme basi hivi. Mlipewa nyumba nzima. Mkaita mtu wa mtaani, msiyemjua jina, asiye na cheti, akaja kurundika tani za maji kwenye kona ya nyumba. Na leo mmekuja kuidai kampuni. Mama, hamkuona aibu? Huyo mtu hata jina lake mlishindwa kumuuliza?"

Neno aibu ndilo lililomkaa. Alimfikiria yule mteja akikunja kitambaa chake. Alifikiria pia mkono aliopewa na kaka yake mlangoni, baridi kama wa mgeni. Hasira iliyompanda haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya wote, na yeye mwenyewe akiwamo, kwa uongo mdogo aliousema mbele ya meneja ukazaa ukurasa mzima.

"Jina lake nalijua," alisema. "Na ana cheti. Mnara ule aliujenga kaka yangu. Yule pale, mwenye shati jeupe."

Mwamuzi akafumbua macho.

Wakili wa kampuni alipekua karatasi zake. "Unalo la kuthibitisha hayo?"

"Sina. Muulizeni mwenyewe."

Mwamuzi alimgeukia Nyapara, akamwambia asimame. Nyapara akasimama. Kiyoyozi kilidondosha tone, kikadondosha jingine. Mama Pacha aliinamisha uso, kwa sababu alishaambiwa atakanwa, na hakutaka kumwona kaka yake akifanya hivyo.

"Umesikia alivyosema shahidi," mwamuzi alisema. "Ni kweli?"

Nyapara alimwangalia meneja, kisha akaangalia mikono yake, mikono mikubwa yenye saruji iliyogandia kwenye kucha, ambayo sabuni ya asubuhi haikuweza kuitoa.

"Ni mimi," alisema. "Mimi na vijana wawili wa kazini. Na saruji ilikuwa ya kampuni."

"Na maelezo yaliyo mbele yangu, yenye saini yako?"

"Saini ni yangu. Maneno niliyakuta."

Wakili wa kampuni akaomba mapumziko. Koridoni Nyapara alimpita dada yake akielekea ngazi. Mama Pacha alinyoosha mkono kumgusa, lakini akawa ameshapita, akashuka bila kushika reli, na hakurudi baada ya mapumziko.

*

Uamuzi ulitoka baada ya miezi kadhaa. Kampuni iliamriwa kubomoa kona ile, kuchimba mpaka ardhi ngumu, kumwaga msingi upya na kuujenga ukuta. Fidia ya usumbufu ilikataliwa. Gharama za shauri kila upande ulibeba zake. Wakili, aliyekuwa amepona mafua hatimaye, alisema huo ni ushindi. "Tumeshinda kwa kuchechemea," alisema Baba Pacha, na akaanza kuchukua zamu za ziada ili amlipe.

Nyapara alifukuzwa wiki ile ile ya baraza. Saruji hawakuiita wizi. Waliikata tu kwenye malipo yake ya mwisho pamoja na bei ya matofali. Alitafuta kazi mjini asipate, maana makampuni yanajuana. Mama Pacha alimpigia simu, haikupokelewa. Alituma pesa kidogo kupitia kwa wifi, zikarudishwa zote kama zilivyo. Akaacha kupiga, lakini kila simu ilipolia akiwa kwenye cherehani, mguu wake uliachia pedali.

Siku moja alasiri, mafundi wa kampuni wakiwa wameshamwaga msingi mpya na kuondoka, aliona gari la kukodi limesimama nje. Nyapara alishuka kwanza, akafungua mlango wa nyuma, akamshika mama yao mkono. Kisha akashusha begi lake, mkeka na ungo.

Mama Pacha alitoka akakutana nao langoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Aliweka begi chini. "Nimepata kazi ya mbali, kambi ya barabara. Familia inakwenda kwa wakwe. Mama hawezi safari ile. Wewe una nyumba."

Maneno hayo ya mwisho hayakusemwa kwa ubaya, ila yalimwingia kama mwiba. "Karibu ndani," alisema. "Pumzika kidogo. Pacha watarudi sasa hivi, wanakuuliza kila siku."

"Gari linanisubiri."

Mama yao alishapita, anaingia ndani polepole huku akishika ukuta, anawasalimu majirani kama ndugu zake. Nyapara hakuondoka mara moja. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye kona ya nyumba, kwenye zege jipya lililokuwa wazi juani, rangi ya majivu. Akalisogelea. Alichuchumaa, akalipapasa kwa kiganja, akasugua vidole, akavitazama.

"Wameondoka lini hawa?"

"Juzi."

"Hawajalifunika."

"Hawakusema lifunikwe."

Alisimama, akajipangusa mkono kwenye suruali. "Linakauka haraka mno. Litapasuka." Alisema hivyo akiliangalia zege, hakumwangalia yeye. "Tandaza magunia juu yake. Ulimwagilie maji, asubuhi na jioni. Usiliache likauke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watakaporudi kujenga. Na hata wakichelewa, usiache."

"Sawa, kaka."

Aliitikia kwa kichwa, akapanda gari. Mama Pacha alisimama langoni mpaka gari lilipokata kona. Aliporudi ndani, mama yake alikuwa ameshakaa sebuleni juu ya robota la mapazia, ananyoosha miguu.

"Mwenzio amesema nini?" mama aliuliza.

"Amesema tulimwagilie zege maji."

Mama alifikiri kidogo. "Basi mwagilia."

Alichukua ndoo, akaifungulia bomba la tenki, lililokuwa bado juu ya mnara wa kaka yake. Ilipojaa alikwenda nayo konani, akaanza upande wa mbali, akimwaga kidogo kidogo kwa kikombe, na zege lilikuwa likinywa maji yale kabla hayajafika chini.